Ukoo wa Kampuni

Katika basi la kwenda Berchem, jijini Brussels, Nusura, mwanafunzi wa uhasibu, aliketi nyuma ya Maman Mignonne, mtunza akiba ya wajane wa kanisani. Tonton mmoja, mwanamume wa makamo, alikuwa akimsifia Maman kampuni ya uwekezaji ya Marekani, naye Maman akaihoji kama mchumba aliyeleta posa.

“Baba yake ni nani?”

“Ndugu wawili wa Boston. Bon, walikufa, ikauzwa, ikabadilisha jina mara tatu.”

“Muntu wa majina tatu, unaweza kumupatia mutoto wako?”

“Maman, ni kampuni. Haiko inaposa!”

“Akiba ya bajane ndiyo mutoto wangu. Ma fille, weye wa huko nyuma, ungemupatia?”

Nusura alikuwa na jibu, tena zuri. Basi liliposimama Ganshoren, alishuka na jibu lake.

Anakaa Berchem, mwisho wa njia.