Bei za Meno Zilizoanzia Jikoni

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu. Daktari wa Meno uliyefuatana naye. Viongozi wa vitengo. Na wenzetu wa jikoni, ambao tunaona mmeketi mbele kama kawaida.

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi kumi na wanne wa kitengo cha ufuaji tunakukaribisha katika chumba chetu. Tunajua kina joto na harufu ya sabuni inachoma macho, lakini sakafu tumeipiga deki mara mbili kwa ajili yako. Hii ni mara yako ya kwanza kuvuka mlango huu. Jikoni, kwa hesabu yetu, umeshafika mara tatu. Hatulalamiki, tunataja tu.

HISTORIA FUPI

Kitengo hiki kilianza na mabeseni manne na kamba uani. Leo tuna mashine tatu, na mbili zinafanya kazi. Kila shuka na kila koti jeupe la hospitali hii, likiwemo la Daktari wa Meno, hupita mikononi mwetu. Wenzetu wa jikoni wako nyuma ya ukuta huu. Walipofungiwa feni mpya, tuliisikia ikizunguka. Walipopewa aproni mpya, sisi ndio tuliozifua.

MAFANIKIO

Kwa mwaka mzima hakuna shuka iliyopotea. Kifungu hiki ni kifupi kwa sababu tuna mengi ya kusema katika kinachofuata.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwaka jana Daktari wa Meno alikwenda jikoni mchana mmoja, akawaeleza wapishi bei za matibabu ya meno: kusafisha, kuziba, kung'oa, kutibu mzizi. Akawaachia karatasi. Sisi hatukuitwa. Tulisimama huku tukikunja shuka na kuwasikia wenzetu wakiuliza maswali na kucheka.

Kesho yake mpishi mkuu alituletea nakala ya karatasi hiyo. Ieleweke kwamba mpishi mkuu ameolewa na mdogo wake Mama Pasi, dada yetu mkubwa kazini, anayesimamia meza ya kupigia pasi. Ni mawifi.

"Wifi, nimewaletea na nyie msome," alisema.

Mama Pasi hakuinua macho. "Kwa hiyo sisi ni watu wa kuletewa makombo?"

Tulicheka sote, na mpishi mkuu akaiacha karatasi juu ya kapu, akaondoka. Mimi ninayesoma risala hii ndiye niliyeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza ya pasi, maana meza ilikuwa inayumba. Tuliwaonea wivu, Mgeni rasmi. Tunasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Baada ya miezi miwili Mama Pasi alianza kusikia jino likimchoma kila akinywa maji baridi, jino la juu, lile linaloonekana mtu akitabasamu. Tulimsihi aende akatibiwe. Alisema amesikia kuziba jino ni bei ya kununua kitanda na godoro lake. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa hakuna aliyejua. Akawa anameza dawa za maumivu na kupiga pasi kichwa kimeinama upande.

Wakati huohuo wifi yake alikuwa na jino lenye tundu kama hilo. Yeye alijua bei. Aliingia asubuhi, akazibwa, na mchana alikuwa anakoroga sufuria. Kila alipopita dirishani akitabasamu, Mama Pasi aligeuka ukutani.

Siku uso ulipovimba, mimi ndiye niliyempeleka. Daktari wa Meno, ambaye yuko hapa na ni shahidi, alituambia kwa upole kwamba tundu lilipokuwa dogo, kuziba kungegharimu ujira wa siku tatu. Sasa jino lilitakiwa kutibiwa mzizi, kupigwa picha na kuvikwa kofia ya kulifunika, naye arudi mara tatu, na jumla yake ilipita mshahara wa mwezi.

"Na kung'oa?" Mama Pasi akauliza.

"Kung'oa ni nafuu leo. Ukija kutaka kuziba pengo, hapo ndipo gharama ilipo."

"Ng'oa."

Aling'olewa. Kabla ya kutoka aliuliza, "Daktari, mbona sisi hukutuambia?"

"Karatasi niliambiwa imepelekwa kwenu."

Alirudi hapa na pamba mdomoni, akainua meza kwa mkono mmoja, akaichomoa ile karatasi, akaisoma amesimama mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Ungeisoma hata kwa kujificha, ukaniambia."

"Ungenizuia, dada."

Alifikiri. "Ningekuzuia," alisema, akawasha pasi.

MAOMBI

Kwanza, bei zote ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye mlango wa chumba cha meno. Tena mtu aambiwe kabla hajakaa kwenye kiti: picha ni kiasi gani, sindano ya ganzi imo au haimo, atarudi mara ngapi, na kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Pili, tunaomba Daktari amwoneshe Mama Pasi bei za jino la bandia, la kuvua na lisilovuliwa, na hospitali imsaidie kwa kadiri itakavyoweza. Mwenyewe hakutaka ombi hili liandikwe. Tuliliandika akiwa amekwenda kuchukua viti. Mpishi mkuu ametuahidi kuchangia, nasi tumekubali, ingawa tungependa zaidi kama wazo lingekuwa letu.

Tatu, Mgeni rasmi, tunasikia mwaka huu kutakuwa na maelezo kama hayo kuhusu miwani. Tunaomba tuambiwe sisi kabla ya jikoni. Hata kwa saa moja tu. Tunaahidi kuwapelekea karatasi sisi wenyewe.

Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako, na akuongoze kurudi hapa.

Ni sisi, wafanyakazi wa kitengo cha ufuaji.