Hatua Mia Mbili na Themanini za Natalia

“Ukizunguka hatua zile zile, shamba si lile lile?” Ndivyo alivyouliza jirani, Mzee Jeremia, siku ndugu walipogawa shamba la marehemu Evaristo kule Lupiro. Watu wote wakaitikia. Binti mmoja tu alisema hapana.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka binti huyo. Natalia Evaristo, wa Lupiro. Amefariki mwezi wa tatu mwaka huu wa 1997. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Turudi mwaka 1993. Natalia yuko darasa la sita, baba yake amezikwa, na baba yake mdogo, Kasmiri, anagawa shamba la mpunga. Ekari kwetu ni hatua sabini kwa sabini, mnajua. Kasmiri alipima kwa kuzunguka. Ukitembea pembeni ukafikisha hatua mia mbili na themanini, basi, hiyo ekari. Sehemu yake ilikuwa sabini kwa sabini. Ya Natalia na mama yake, Theresia, ilikuwa kipande chembamba kando ya mto, mia na thelathini kwa kumi. Ukizunguka, mia mbili na themanini.

Natalia alichora kwenye tope kwa mpini wa jembe. Sabini mara sabini, elfu nne mia tisa. Mia na thelathini mara kumi, elfu moja mia tatu. Akasema hawakupewa ekari, wamepewa robo na kidogo.

Walicheka. Kasmiri akafuta mchoro kwa mguu.

“Mtoto wewe, umekuja kutufundisha kutembea?”

Mama yake akamchapa mbele ya watu na kumpigisha magoti aombe radhi.

“Shikamoo baba,” Natalia akamwambia Kasmiri. “Lakini ni elfu moja mia tatu.”

Akachapwa tena.

Msimu ule Kasmiri alivuna magunia kumi na sita. Theresia alivuna manne. Wasikilizaji, manne. Natalia alipochaguliwa kwenda sekondari, magunia hayo hayakutosha hata kula, sembuse ada. Akawa analima vibarua. Msimu huu alilima kibarua kwa baba yake mdogo, kwenye lile shamba la sabini kwa sabini. Homa ikamshika huko huko kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, maji yamejaa bondeni. Mtumbwi wa kumpeleka hospitali ulipatikana siku ya tatu, tumeshachelewa.

Mama Theresia aliniambia hivi, bila kulia: “Nilijua mtoto yuko sawa. Nilimchapa ili tusinyang’anywe hata hicho kidogo.”

Mama Theresia, pole sana. Mungu ampokee mwanao na akushike mkono. Na wewe unayesikiliza, kama kuna yatima uliyempimia shamba, nenda kalipime upya kabla hujapiga magoti kusali.

Kasmiri naye alikuja hapa redioni kutoa salamu za ukoo. Alivua kofia. Akasema ukoo umepoteza mtoto mwenye akili. Nikamwekea mezani daftari la Natalia, nililopewa na mama yake, kwenye ukurasa aliochora lile shamba, nikamwomba kwa adabu anisaidie: mia na thelathini mara kumi ni ngapi?

Alitazama. Midomo ikawa inacheza, anahesabu. Nikaona amefikia jibu. Akachukua kofia yake, akainuka, akatoka.