BSA Haiwashwi na Mtu Mmoja

Sogeeni wanangu, na wewe Zita niinulie mto huu kidogo, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko mlangoni anaidai. Msilie. Nimekula chumvi nyingi, nimeshiba, naondoka nimeridhika.

Kihamba, ardhi hii ya ukoo, mnajua: nyumba hii ni ya Sirili kwa kuwa ndiye kitinda mimba, upande wa barabarani ni wa Remigius, na kahawa za chini ya mfereji ni za Zita, asitokee wa kumwambia mwanamke harithi.

Imebaki BSA, pikipiki yangu. Remigius, nasikia mtu wa Dar anakupigia simu anaitaka. Simshangai. Waliounda pikipiki hizi walianza na bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zimeegemeana. Wakaja kwenye baiskeli, kisha pikipiki, zikaenea duniani, kiwanda kikafa, na bado mtu mzima akiisikia inanguruma anasimama njiani. Juzi mjukuu kanionyesha kwenye simu: jina limefufuka, zipo mpya. Nikacheka. Mpya unabonyeza kitufe, unaondoka, humhitaji mtu.

Yangu niliinunua kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao, mwaka ule kahawa ilipopanda bei, nikashuka nayo hadi Chekereni kuwaringishia tu wakulima wa mpunga. Haukupita muda, kiki ya kuiwashia kwa mguu ikakatika kwa uzee wake. Ikakatika asubuhi ambayo mama yenu Theopista, Mungu amrehemu, ameshikwa na uchungu wako wewe Remigius, amekaa nyuma ananiuma bega, na kutoka uani hadi barabarani ni mwinuko. Baba yenu mdogo Hosea tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alikuwa upande wake wa mpaka anakata majani ya ng'ombe. Akaweka panga chini, akavuka masale, mimea ile ya mpakani, akasukuma mpaka ikawaka. Jioni nikampelekea pombe ya mbege, tukanywea kata moja.

Fundi wa pikipiki kule Majengo kila nikienda, "Mzee, hiyo kiki nakuwekea mpya leo leo." Nikamwambia aiache. Mwenye kiki hasalimii jirani.

Sasa nyinyi wawili, Remigius na Sirili, mnapitana hapo nje kama hamkunyonya ziwa moja, eti nani kasogeza masale. Masale hayo hayo wazee wetu waliyashika mkononi kuombana radhi! Yananiuma hayo kuliko kifua hiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. BSA haiuzwi, ni yenu wote watatu, na kiki msiitengeneze.

Mungu awape mvua kwa wakati wake, maziwa yasikauke, na watoto watakaowazika nyinyi.

Haya, itoeni uani, nataka kuisikia. Remigius, panda. Sirili, sukuma. Zita, fungua dirisha...

Bado?

Mwinuko huo... Sirili hauwezi peke yake. Zita, nenda kapande wewe... Remigius ashuke, wasukume wote wawili. Niache tu, mwanangu... nasikia vizuri.

Bega kwa bega, Remigius... hivyo... tena...

Eee. Hiyo. Hiyo hiyo.

Msiizime.