Dada Aliyechora Dunia ya Chini ya Meza

Marehemu dada yetu, ambaye wasomaji wa gazeti walimjua kama Mama Katuni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza shule mwaka 1968. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, alichelewa kusema, na majirani walimwita Bubu. Dada alimwingiza chini ya meza ya baba ya kukatia vitambaa. "Hili ni basi," akamwambia. "Wewe ndiye dereva. Dereva haongei, anapiga honi tu." Mdogo akapiga honi kwa mdomo. Mama aliacha sufuria jikoni, akaja mbio kusikiliza.

Alihitimu uchoraji wa ramani mwaka 1982, akaajiriwa ofisi ya upimaji ardhi kwa miaka ishirini na sita. Mwaka 1989 alianza katuni ya kila Jumamosi, "Chini ya Meza". Ilihusu marafiki wawili, Domo na Bubu, ambao meza yao leo ilikuwa meli, kesho hospitali ya tembo. Watu wazima waliipenda kuliko watoto. Wiki moja gazeti liliiruka, na mlinzi mmoja akafunga safari hadi mapokezi.

"Wale watoto niliwaacha mwezini. Wamesharudi?"

"Mzee, hiyo ni katuni tu."

"Najua ni katuni. Nauliza, wamerudi?"

Dada, aliyekuwa ameleta kazi, alimchorea, nyuma ya bahasha, safari yao ya kurudi.

Mwaka 1991 aliolewa na fundi mitambo wa kiwanda cha uchapaji, aliyemwanza kwa kulalamika, "Mistari yako myembamba, mashine inaimeza." Walijaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Wiki ya mwisho alimuuliza mdogo wake, "Hivi hukuwahi kuchukia nilivyokuanika gazetini, Bubu wa watu?" Akajibu, "Hapana." Alikuwa na mengine ya kusema. Hakuyasema.

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi. Mdogo wake alikuwa kwenye foleni ya dawa. Namba yake ilipoitwa alizipokea, akatia saini, akapanda nazo wodini. Mpaka sasa zimo kwenye mfuko wa koti hili.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye alimpenda sana.

Mungu ampokee, apumzike.