Pindo la Fundi Rangi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mtoto wa tatu wa dobi na mkewe, katika chumba kilichojaa mashuka yaliyoanikwa. Husimuliwa kwamba hakulia. Alikitumbulia macho kitambaa chekundu kilichopepea dirishani, na ni kama hakuyabandua tena.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akaingia chuo cha ushonaji. Walimu walimgombeza kwa kuota ndoto za mchana, lakini hakuna aliyemshinda kuoanisha uzi na kitambaa.

Mwaka 1977 alifungua duka lake jirani na kijana mmoja fundi saa. Kijana huyo akawa haishi kuleta mashati ya kushonwa. Siku moja Marehemu aliligeuza shati huku na huku, akamwambia, "Hili ni zima. Hebu sema shida yako." Shida ikasemwa, nao wakafunga ndoa tarehe 17 Novemba 1979. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 aligundulika kuwa na kisukari. Huko kliniki wagonjwa walifundishwa kwamba mboga na matunda yenye rangi kali yana antioksidanti, viini vinavyosaidia kukinga mishipa midogo ya macho. Jamani, aliambiwa habari za rangi! Sahani yake ikawa mchicha, karoti, nyanya na kabichi ya zambarau. "Nakula nyuzi zangu," alikuwa akisema, akitabasamu peke yake. Kwa raha hiyo akaacha kwenda kupimwa macho. Alikuwa anaona vizuri, aende kufanya nini?

Mwaka 2019 ukungu ulitanda mbele yake. Daktari wa macho alimweleza kwa upole: "Mama, mboga ni nzuri, endelea nazo. Ila mshipa unaovuja haziuzibi. Tungekuona mapema." Tiba ya leza iliokoa nuru iliyobaki, lakini bluu na kijani vilikwisha kuwa kitu kimoja.

Wakati huo alikuwa anashona gauni la harusi la kitindamimba wake, la bluu, na hakukubali mtu mwingine aliguse. Alikaa dirishani, mumewe akimtungia sindano, akapinda pindo zima kwa uzi wa kijani alioutoa mwenyewe kabatini. Mume aliona, akaendelea kumtungia. Binti alivaa, akasema, "Limenikaa vizuri, mama."

Binti huyo naye ana kisukari, na kila akiambiwa akapime macho alikuwa akijibu kwamba hana tatizo. Mei mwaka huu, figo za Marehemu ziliposhindwa, alimshika binti huyo mkono pale kitandani.

"Lile pindo nililishona kwa kijani, siyo?"

"Umejuaje, mama?"

"Baba yako alinyamaza. Tangu lini baba yako akaona kosa la mtu akanyamaza?" Walicheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Usilifumue. Na macho kapime mwanangu, ungali unaliona."

Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu. Kitindamimba yupo hapa kando ya kaburi, amevaa gauni lile la bluu. Jana alikwenda kupimwa macho.

Lala salama, Fundi Rangi. Pindo analiona.