Levi Muthoka na Bakuli la Muthokoi

Tarehe 30 Juni Bw. Levi Muthoka anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu ya Machakos kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba cha ultrasaundi, ambacho hakina dirisha wala, kwa maoni yake, mkubwa mwingine.

Alianza kwa kupiga picha za watoto tumboni. Mashine mpya ya kupima ini ilipoletwa miaka minne iliyopita, sisi wenye busara tuliihifadhi stoo pamoja na mapambo ya Krismasi. Levi aliitoa. Alitueleza, bila kuombwa, kwamba hulitikisa ini kidogo na kupima mwendo wa mtikisiko: katika ini laini huenda polepole, katika ini lenye makovu hukimbia. Mfano wake ulikuwa uji na ugali. Kwa mwezi mzima hakuna aliyekula chakula cha mchana kwa amani.

Kilele cha utumishi wake ni Mzee Aloys wa Mitaboni, mzee wa kanisa asiyejua hata harufu ya pombe. Alikuja akiumwa ubavu, na mkewe, Mama Kalunde, akabeba ndoo ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, maana kwetu mgonjwa hapelekwi kwa daktari na njaa. Kipimo hiki hutaka mtu asiwe amekula, kwani baada ya mlo ini huonekana gumu kuliko lilivyo. Levi alilijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana alipokea bakuli moja, akalisifu, akamngoja Aloys amalize lake, kisha akampima.

Majibu yakawa ini gumu, kama la mlevi wa miaka mingi. Habari zilifika Mitaboni kabla ya Aloys mwenyewe. Wenzake kanisani walimvua uzee mpaka aeleze anakunywa wapi, na Mama Kalunde akaanza kunusa vikombe.

Levi alipolikumbuka lile bakuli, alimwita Aloys arudi bila kula, akampima upya. Ini lilikuwa laini. Jumapili akasimama mbele ya waumini, baada ya matangazo, akasema kwamba mashine haikukosea na mzee hakunywa. Aliyekosea ni yeye na tumbo lake. Kutoka viti vya nyuma, Mama Kalunde alitaka ieleweke kwamba muthokoi wake pia haukuwa na kosa. Aloys alirudishiwa kiti chake siku hiyo hiyo.

Tangu hapo Levi amekuwa adui wa kila chupa ya chai kwenye benchi letu la wanaongoja kupimwa. Aliwahi kumpokonya mchungaji andazi, na hakuomba radhi.

Tunamshukuru kwa ukali huo, ingawa ulichelewa. Wageni wavumilie: Mama Kalunde ndiye mpishi wa sherehe ya kumuaga, lakini Mzee Aloys ana kipimo asubuhi hiyo, na mstaafu ameagiza sufuria isifunuliwe kabla hajamaliza kumpima.

Kwa heri, Levi. Tunakutakia uzee mwema, na bakuli usilolazimika kulieleza kanisani.