Geneviève Mapendo, Aliyebisha Hodi Kwanza

Marehemu Geneviève Mapendo alizaliwa Makobola tarehe 14 Machi 1984, binti wa hayati Baba Pontien, mvuvi, na Mama Laure. Utotoni alikuwa na maswali mengi hata baba yake akamkataza kupanda mtumbwi, akidai anafukuza samaki.

Alisoma shule ya msingi Makobola, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari Uvira mwaka 2003, kisha akasomea uandishi wa habari Bujumbura.

Mwaka 2009 alifunga ndoa na mwalimu Ildephonse wa Kasenga. Bwana huyu alijifunza kupika mboga za lenga-lenga, kwani simu ya mkewe haikujua saa ya chakula.

Mwaka 2016 alianzisha Kambi na Raia, gazeti la mtandaoni la habari za jeshi na ulinzi. Wapo waliomcheka: mwanamke ataandika nini juu ya jeshi? Aliandika, na askari wenyewe wakawa wasomaji wake. Sharti lake lilikuwa moja: jina la askari aliyekufa halitoki kabla mtu wa gazeti hajafika kwao, akabisha hodi, akaketi na mama yake.

Mwaka 2019 ilienea habari kwamba Koplo Frédéric wa Nyamianda ameuawa vitani. Jean-Marie, mwenzake Geneviève gazetini, alimhimiza: "Ma Geneviève, benzetu ba magazeti ingine bamesha kutoa ile habari. Siye tuko tunangoja nini?"

"Mama yake ajulie ku telefone ya jirani? Apana. Itia moto, twende."

Pikipiki iliwafikisha kwa koplo, wakakuta turubai la msiba limekwisha kufungwa, na mama yake, Mama Célestine, analia chini. Geneviève aliketi kando yake, akapiga simu kambini, akapiga hospitali, hadi sauti dhaifu ikasikika: "Mama, ni minye, Frédéric. Njaa iko inaniuma."

"Njo yeye!" mama akapiga kelele. "Njo mutoto wangu!"

Frédéric yuko hapa leo, miongoni mwa waliobeba jeneza. Sisi wa familia yake tunajivunia jambo hilo kuliko tuzo yoyote.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Uvira na Bukavu, akisahihisha habari za wenzake kitandani, kwa ukali uleule. Aliaga dunia Uvira, Jumapili tarehe 9 Juni 2024. Mji mzima ulianza kuulizana, lakini gazeti lake lilikaa kimya, kwa sababu Mama Laure alikuwa Makobola na hajui. Jean-Marie na Frédéric walipanda pikipiki, wakashika barabara ya Fizi, wakabisha hodi.

Mama Laure aliwafungulia mlango.

"Muko munakuja vile yeye alikuwa anakuja," alisema. "Basi, muikale."

Wakaketi naye. Baadaye ndipo Kambi na Raia ikatangaza.

Ameacha mama yake, mume wake, watoto wawili, Espoir na Providence, kaka mmoja, na wenzake wa gazeti. Huko alikokwenda abishe hodi, Mungu amfungulie, apumzike.